Babu Aliingia kwa Namba, Wewe Ingia kwa Jina



Mwezi wa Novemba ni mwezi wa kuwakumbuka marehemu wetu. Ukikaribia, watu huja ofisini kuandikisha nia za Misa, nami huandika majina mpaka kalamu yachoka. Safari hii baba mmoja wa kigango, baada ya kuandikisha jina la babu yake, alibaki amesimama mlangoni. Akasema: "Karani, babu huyu alikwenda mkonge, hakurudi. Sasa tumepata habari kwamba shamba lile bado lipo upande wa Korogwe. Tunataka kwenda na watoto tukaone alikofanya kazi, tumwombee pale pale. Tufanyeje ili twende salama, turudi salama?"

Swali hili ni jema, tena si la mtu mmoja. Katika Misungwi nzima, na Kwimba, na Magu, na Sengerema, ziko familia nyingi zenye babu au mjomba aliyekwenda mkonge. Kwa hiyo jibu nawapeni wote.

WALIKWENDAJE HUKO

Kwanza vijana wajue habari yenyewe. Mkonge, ambao sisi huku twauita katani na kuupanda mipakani, si mmea wa nchi yetu. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Njiani ikafa karibu yote. Ikafika 62 tu yenye uhai. Hiyo 62 ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka hapo mashamba yakaenea Tanga, Muheza, Korogwe, Morogoro, hata Lindi.

Mkonge wataka mikono mingi. Hukatwa kwa kisu, jani kwa jani, hufungwa mafungu, hubebwa mabegani, hupelekwa mtamboni, nyuzi huoshwa, huanikwa, hupigwa brashi, hufungwa marobota. Wenyeji wa pwani hawakutosha, na wengi wao walikuwa na mashamba yao. Basi wenye mashamba wakatafuta watu mbali: Unyamwezini, Usukumani, Songea, Kigoma, hata Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 wakaanzisha ofisi yao ya kuandika vibarua, iliyoitwa SILABU. Kijana aliandikwa, akapimwa afya, akapewa namba, akapakiwa katika garimoshi na malori pamoja na wenzake. Kwa sababu ya namba ile watu wakawaita manamba. Huko kambini alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa, kipande hakikutiwa alama, na siku ile ikawa bure.

Wengine walirudi na baiskeli, mablanketi na cherehani. Wengine walioa huko wakabaki. Wengine walikufa, na huku nyumbani habari ikaja baada ya miaka, au haikuja kabisa. Pamba ilipoanza kuleta fedha nzuri huku kwetu, vijana wengi wakaona heri kulima nyumbani kuliko kwenda mbali, na njia ile ikapungua watu.

Mashamba yenyewe yaliendelea. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zipatazo 230,000 za singa, ikawa ya kwanza duniani. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakawa mali ya umma. Baadaye kamba za nailoni zilishusha bei, mitambo ikachakaa, na kufika miaka ya 1990 mazao yalikuwa yamepungua sana. Kisha mashamba mengi yakauzwa kwa makampuni, na sehemu nyingine wakapewa wakulima wadogo. Leo mkonge umeanza kusimama tena.

Nimeeleza haya kwa sababu ndiyo chanzo cha shauri langu. Shamba la zamani la mkonge si makumbusho. Hakuna kamba iliyozungushwa kuzuia watu wasifike penye hatari, wala kibao cha kusema "Usikanyage hapa." Upande mmoja pana kazi ya leo yenye mashine kali, upande mwingine pana magofu na pori. Hatari za zamani na za sasa zimekaa pamoja. Basi neno kubwa ni hili moja: usiingie pasipo ruhusa, na usitembee pasipo mtu anayepajua. Mengine yote ni matawi ya neno hili.

KABLA YA KUONDOKA

Tafuta kwanza jina la shamba. "Korogwe" peke yake halitoshi, kwa kuwa mashamba ni mengi: Ngombezi, Magoma, Magunga, Mwelya, Hale na mengineyo. Waulize wazee wa ukoo. Fungua masanduku ya bibi. Mara nyingi kipande cha zamani au barua huwa imo humo.

Kama babu alikuwa Mkristo, nenda katika parokia alikobatizwa. Sheria ya Kanisa yaagiza kwamba mtu akipata Kipaimara au Ndoa mahali pengine, habari iletwe kwenye kitabu cha Ubatizo wake na kuandikwa pembeni. Basi mtu aliyebatizwa Usukumani akaoa Tanga, yawezekana jina la parokia ya huko limeandikwa kwa wino mdogo ukingoni mwa jina lake. Ukilipata, umepata mlango. Mwombe Padre barua ya kukutambulisha kwa Paroko wa huko. Katekista wa mahali ndiye ajuaye kambi ipi ilikuwa ya Wasukuma na wazee gani bado wako hai.

Kisha uliza shamba ni la nani leo. Huenda ni la kampuni, huenda ni la chama cha wakulima, huenda limegawanywa vipande vya watu mbalimbali. Andika barua au piga simu mapema, useme siku mtakayofika, idadi yenu na shabaha yenu. Usifike ghafula na basi lililojaa watu.

Safari ni ndefu: Shinyanga, Nzega, Singida, Babati, Arusha, Moshi, Same, ndipo Korogwe. Usipange kushuka katika basi na kuingia shambani saa ile ile. Mtu aliyechoka haoni mwiba. Lala kwanza, tena lala ndani ya chandarua, maana malaria iko.

Vaa viatu vya kufunika mguu mzima. Kandambili ziache nyumbani. Vaa suruali ndefu na mikono mirefu. Akina mama watakaovaa kanga wazifunge barabara, zisiwe zenye ncha zinazopepea. Chukua maji ya kunywa ya kutosha kwa kila mtu, sabuni, kitambaa safi na kofia. Na mtu mzima asiyekumbuka alichomwa lini sindano ya pepopunda, apite zahanati kabla ya safari. Sababu yake nitaieleza.

LANGONI

Mkifika lango la shamba, mtaona mlinzi na daftari. Wapo watu wanaoona daftari lile kuwa usumbufu, wakaandika jina moja kwa watu kumi, au wakampa mlinzi shilingi kidogo wapite. Msifanye hivyo.

Fikirini. Babu aliingia humo kwa namba. Alipougua, namba ilikosekana mstarini. Alipokufa, mara nyingine hakuna aliyejua amwandikie nani. Wewe una heri ya kuingia kwa jina lako. Basi liandike lote, na la mkeo, na la kila mtoto, na saa ya kuingia, na simu ya ndugu aliyebaki Misungwi. Jioni mlinzi akihesabu akaona mmoja hajatoka, atajua kwamba kuna wa kutafutwa. Mkitoka, pigeni alama ya kutoka, msije mkatafutwa usiku ilhali mmekwisha lala mjini.

Ombeni mtu wa kuwatembeza. Mnyapara mstaafu ni mzuri kuliko wote, maana ajua kila mtaro. Mpeni heshima yake na posho yake. Akisema "hapa tusipite," msibishane. Yeye atangulie, watoto wakae katikati, mtu mzima mmoja afunge nyuma. Kundi la watu kumi lihesabiwe kila mnapobadili mahali.

KATIKA VITALU

Watoto wetu wameona katani mpakani, hudhani wanaijua. Shamba la mkonge ni jambo jingine. Mistari imenyooka mpaka macho yachoka, na kila mstari ni sawasawa na mwenzake. Mtoto akiingia hatua ishirini haonekani, wala yeye haoni njia ya kutokea. Kwa hiyo watoto wasicheze mafichoni humo hata kidogo.

Kila jani lina mwiba mweusi kwenye ncha, mgumu kama sindano ya gunia. Kwa mtu mzima ncha zile ziko kiunoni au kifuani. Kwa mtoto wa miaka sita ziko machoni. Tembeeni katika barabara ya kitalu, si kati ya mistari. Msikimbie. Msiiname ghafula kuokota kitu karibu na mmea.

Mwiba ukimchoma mtu mguuni au mkononi, osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha nendeni zahanati. Kidonda cha mwiba ni kidogo juu na kirefu ndani. Humo ndimo pepopunda hupenda kukaa. Mwiba ukichoma jicho, msilisugue, msiuvute mwiba, msitie maziwa wala dawa ya majani. Lifunikeni kwa kikombe safi kisichogusa jicho lenyewe, mkakimbilie hospitali siku hiyo hiyo. Jicho lililocheleweshwa hupotea.

Jani likikatwa hutoa maji. Maji yale huwasha ngozi, na wakataji wapya huota vipele mikononi. Msimpe mtoto jani bichi achezee. Yakimrukia mtu, aoshe kwa maji na sabuni. Yakiingia jichoni, mwagieni maji safi kwa muda mrefu.

Nyoka wapo, maana chini ya mkonge pana kivuli na panya. Msitie mkono msipopaona. Mtu akiumwa, mlazeni atulie, mvueni pete na bangili, fungeni ubao kwenye mguu au mkono ule usitikisike, mkambebe hospitali. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Najua katika nyumba nyingi za Kikatoliki limehifadhiwa jiwe jeusi la nyoka, na watu hulisifu. Ndugu zangu, jiwe lile halitoi sumu mwilini. Lisikucheleweshe hata dakika tano.

Mkonge hutoa maua mara moja tu katika maisha yake, juu ya mlingoti mrefu, kisha hufa. Nyuki huyapenda maua yale. Msirushe mawe kwenye mlingoti, wala msiutikise ule uliokauka, kwa kuwa waweza kuwaangukia. Nyuki wakiwavamia, funikeni nyuso mkimbie mpaka ndani ya nyumba au gari. Msisimame kuwapiga.

KIWANDANI

Wengi hutamani kuona mtambo wa kusaga majani. Wenyeji huuita korona, na waliuita hivyo miaka mingi kabla ya ugonjwa wa mwaka 2020. Ndani yake mna magurudumu makubwa yenye vyuma, ambayo huponda jani na kulikwangua mpaka zibaki nyuzi. Huzunguka kwa kasi, na mikanda yake huvuta chochote kinachoning'inia.

Mtambo ukiwa unakwenda, simameni pale mlipoonyeshwa, msisogee. Kanga, kilemba, tai, kamba ya mfuko, hata Rozari iliyovaliwa shingoni, vifichwe ndani ya nguo au vivuliwe kwanza. Mama aliyebeba mtoto mgongoni asiingie, angoje nje. Mwenye pumu asiingie chumba cha brashi, maana vumbi la nyuzi ni jingi. Na mtambo ukiwa umesimama, msiuguse vilevile. Hujui ni nani yuko upande wa pili karibu kuuwasha.

Nje ya kiwanda pana hatari ambayo wageni wengi hawaijui. Katika jani zima la mkonge, nyuzi ni sehemu kama 4 tu katika 100. Zilizobaki ni maji na makapi. Takataka hiyo humwagwa mitaroni na mashimoni. Huko Hale wamejenga mtambo wa kuigeuza gesi ya kuzalisha umeme, lakini mahali pengi hukaa tu. Juu hukauka ikafanya utando wa kijani au kahawia, ukadhani ni ardhi ngumu. Chini ni tope la kuzama, lenye harufu mbaya. Mtoto akikanyaga, huingia mpaka kifuani, na anayeruka kumwokoa huingia pia. Kaeni mbali nalo. Mtu akizama, mtupieni kamba au mti mrefu mkiwa mmelala chini ukingoni.

Angalieni pia reli ndogo za matoroli ya kubebea mkonge. Nyingine zimefunikwa na majani, na mguu hunaswa katikati. Na reli kubwa ya Tanga, iliyofika Korogwe mwaka 1902, isidhaniwe imekufa. Msiitumie kuwa njia ya kutembelea.

MAGOFU NA "MALI YA MJERUMANI"

Katika mashamba mengi mtaona nyumba za mameneja wa zamani, na safu za vyumba vya kambi walimolala manamba. Hapo moyo huguswa, na watu hutaka kuingia waone chumba. Tazameni kwanza. Kuta zenye nyufa, paa lililoliwa na mchwa, sakafu ya mbao, visima visivyo na mfuniko na mashimo ya vyoo vya kale, vyote ni mitego. Simameni nje, ombeni, pigeni picha, tosha. Msiegemee ukuta, wala msiwape watoto ruhusa ya kupanda juu yake.

Sasa neno zito. Popote penye jengo la kale, hutokea kijana mwenye sauti ndogo, akasema kwamba Mjerumani alificha dhahabu au rupia chini ya nyumba, au kwamba katika mtambo wa zamani mna zebaki ya bei kubwa. Ataonyesha ramani. Ataomba fedha ya "kufungua mahali." Wengine wamempa, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Wengine walichimba usiku chini ya msingi, na ukuta ukawafunika. Mwenye akili ajiulize: kama mali iko pale, kwa nini kijana huyu avae viatu vilivyotoboka, akamngoje mgeni wa kutoka Misungwi? Msimsikilize. Mwambieni mlinzi.

Mali ya shamba lile twaijua. Ni jasho la baba zetu, na jasho halichimbwi kwa jembe.

MAKABURINI

Hapa ndipo penye shabaha ya safari. Makaburi ya kambi mengi hayana alama. Mengine yalikuwa na msalaba wa mti ulioliwa na mchwa. Mengine yamefunikwa na pori au kupandwa mkonge. Mwulizeni mzee wa mahali na katekista. Akisema "ni upande huu, lakini kaburi lenyewe silijui," mshukuruni kwa ukweli wake. Yule anayewaonyesha upesi upesi na kudai fedha, mtilieni shaka. Msichimbe kutafuta mifupa. Ni kinyume cha sheria, tena ni kuwavuruga marehemu wa watu wengine.

Sisi Wakatoliki tumezoea kuwasha mishumaa makaburini. Katika shamba la mkonge wakati wa kiangazi, msifanye hivyo. Majani makavu na singa hushika moto upesi, na upepo ukivuma kitalu kizima kitateketea, pamoja na riziki ya mkulima maskini na labda na ninyi wenyewe. Washeni mishumaa kanisani, katika parokia ya hapo. Makaburini tumieni maji ya baraka na sala. Kama mwataka kuacha kitu, wekeni msalaba mdogo wa chuma au wa saruji, kwa ruhusa ya mwenye shamba, wenye jina lote la babu, kijiji chake na wilaya yake.

Kama kaburi halikuonekana, msihuzunike kana kwamba safari imepotea. Ombeni Misa katika kanisa la huko, jina lake litajwe kwa sauti mbele ya watu. Mungu hakumwita kwa namba kamwe. Alimjua tangu tumboni mwa mamaye.

WATOTO

Mwaweza kuniambia: "Karani, kwa hatari hizi zote, si afadhali watoto wabaki?" Mimi nasema, walio chini ya miaka saba wabaki na shangazi zao. Hawataelewa, na kumlinda mmoja kutawachosha watu wawili. Lakini wakubwa waende. Mtoto wa darasa la sita aliyesimama kati ya mistari ile, akaonyeshwa fungu la majani 30 na kuambiwa alibebe hatua kumi tu, atajifunza kumheshimu babu yake kuliko akihubiriwa mwaka mzima.

Ila mweleze kabla ya kufika, si baada ya kuchomwa. Mpe kazi: huyu ahesabu watu, huyu atunze maji, huyu aandike majina ya mahali. Mtoto mwenye kazi hatangitangi. Jua la Korogwe ni kali, basi fanyeni matembezi asubuhi, na kufika saa sita muwe mmetoka. Mtu akianza kuumwa kichwa, kutapika au kuongea ovyo, mwekeni kivulini, mloweshe mwili kwa maji, mnyweshe kidogo kidogo kama bado ana fahamu zake, na mtafute mganga.

NENO LA MWISHO

Wazee walisema, mwenda pole hajikwai. Kati ya vijana waliotoka kwetu wakaenda mkonge, wako walioumia kwa sababu hakuna aliyewaeleza jambo. Walionyeshwa kisu na mstari, wakaambiwa "kata." Sisi tuna wa kutueleza, tuna daftari la langoni, tuna simu na zahanati. Kuyadharau hayo si ushujaa.

Basi nendeni. Andikeni majina, fuateni aliye mbele, shikeni mikono ya watoto. Mtu aendaye kuwaombea wafu asiongeze hesabu yao. Na mkirudi, leteni ofisini jina la shamba, la kambi na la parokia mlizopata, tuyaandike pembeni mwa kitabu, ili ukoo mwingine utakaokuja kutafuta ukute njia imekwisha safishwa.

Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie.

Wenu katika Kristo,
Karani wa Parokia,
Misungwi